Dawa ya Maji

Juzi nilikuwa dukani Kasingirima, nikamsikia mama mmoja akimwambia muuzaji, "Nipe dawa ya maji." Maneno hayo tu, rafiki yangu. Nikatoka bila sukari niliyoifuata. Mimi ni mwoga, sikufichi, na woga wangu una kwao: nyumbani kwa bibi, Bangwe, kando ya ziwa, mwaka ziwa lilipopanda nami nikiwa bado shule ya msingi. Maneno yale nusura yamtoe roho mtoto mchanga.

Ziwa halikuja kwa kishindo. Leo limefika kwenye miwa, wiki ijayo limekaa juu ya matuta ya mchicha ya bibi kama lina hati. Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, tulitoka kutazama limefika wapi. Vyoo vya nyumba za chini vikajaa, kipindupindu kikafuata, wahudumu wa afya wakapita wakigawa vichupa vya dawa ya kutia kwenye maji ya kunywa. Tulikatazwa kusogea ufukweni, maana ilisemwa mamba nao wamepanda na maji. Niliogopa hata beseni la kuogea.

Bibi alikuwa na mpangaji, mwalimu wa sayansi aliyehamishiwa kwetu kutoka Moshi. Alipoona bibi anahuzunikia matuta yake, akamwambia mboga haihitaji udongo, inahitaji kile kilichomo ndani ya udongo. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mwalimu wangu, na samaki nao utawafuga juu ya dari?"

Jumamosi moja mwalimu akaja na mabomba ya plastiki. Aliyatoboa kwa chuma cha moto, uani pote pakanuka plastiki iliyoungua, kisha akayalaza kwa mteremko kwenye ukuta wa nyuma. Katika kila tundu tuliweka kikopo cha mtindi kilichotobolewa chini, na ndani yake mche uliobanwa na kipande cha sponji ya godoro kuukuu. Ndoo moja ilikaa juu ya benchi, nyingine chini. Maji yalishuka bombani taratibu, na kazi yangu ilikuwa kuyachota chini na kuyarudisha juu, asubuhi na jioni. Mizizi ilining'inia humo ndani, myeupe, myembamba, nami nilichungulia huku nimefumba jicho moja.

Kwenye maji yale mwalimu alitia mchanganyiko wa mbolea alioukoroga mwenyewe na kuuhifadhi kwenye chupa. Alikuwa na jina refu la kuuita. Bibi hakuwa na muda wa majina marefu. Kinachotiwa kwenye maji ni dawa ya maji, basi, na nyumba nzima tukaiita hivyo, hata mwalimu mwenyewe alipochoka kutusahihisha.

Mchicha ukaota, wewe! Tuliula kwa mawese na ugali wa muhogo, na jirani yetu, mama muuza dagaa aliyevuka kutoka Kongo miaka mingi nyuma, akawa haachi kuja kuutazama. Kitinda mimba wake ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kukaa, na alilala mgongoni kwa bibi kama alivyolala kwa mama yake. "Nami nitatega mabomba yangu," jirani alikuwa akisema.

Alasiri moja bibi alikuwa jikoni anachambua dagaa, jirani akasimama mlangoni.

"Mama, munipatie dawa ya mayi kidogo."

"Iko nyuma ya mabomba, mwanangu. Chukua tu."

Bibi alifurahi kwamba jirani hatimaye anaanza bustani. Jirani alishukuru, kwa kuwa kichupa chake cha wahudumu wa afya kilikuwa kimekwisha na mtoto ana kiu. Alitia kidogo kwenye maji ya kunywa, akanusa, hakusikia harufu aliyoizoea. Kwa kuogopa kipindupindu, akaongeza. Akanusa tena, akaongeza tena, kisha akamnywesha mtoto.

Jioni mwalimu alirudi kulisha mboga zake, akauliza chupa iko wapi. Bibi akamjibu huku anatabasamu. Sijasahau uso wa mwalimu. Alikimbia bila kuvaa viatu, nasi nyuma yake, tukamkuta jirani amempakata mtoto, midomo ya mtoto imegeuka rangi kama aliyekula zambarau, na pumzi inakwenda mbio. Mwalimu aliinyakua chupa ili daktari aione, wakapanda bodaboda, wakapotea.

Tulibaki mimi na bibi. Dagaa waliokuwa motoni waliungua, hakuna aliyewaepua. Maji bado yalikuwa yanatiririka bombani, na nilitaka mtu ayanyamazishe lakini sikuthubutu kwenda huko nyuma. "Mana yanje, Mungu wangu," bibi alirudia kwa Kiha chake, "nimeua mtoto wa watu." Nilimshika kanga. Sijawahi kuogopa vile tena, na naomba nisiogope vile tena.

Habari zilitufikia pamoja na adhana ya alfajiri: mtoto amepona. Mwalimu aliyang'oa mabomba mwenyewe, hakumwachia mtu. Jirani alikuja na mwanawe mgongoni, akamwambia bibi, "Haukukusudia, mama," wakalia wote wawili.

Kisha bibi akamletea maji ya kunywa. Huku kwetu anayekupa kinywaji huonja yeye kwanza, ujue hakuna kitu ndani, lakini hiyo ni desturi ya wageni. Kati ya nyumba ile na yetu haikuwahi kuwapo. Jirani alikipokea kikombe, akakishika, akangoja. Bibi akaelewa. Akakichukua, akanywa funda moja, akakirudisha, na mazungumzo yakaendelea, habari za bei ya dagaa.

Baadaye ziwa lilizichukua nyumba zote mbili, na hadi leo watu hunipa pole ya nyumba. Nyumba nimeisamehe. Ninachokililia ni kwamba tangu siku ile mpaka anaingia kaburini, bibi hakunipa maji, mimi mjukuu wake, bila kuyaonja kwanza.