Tuisheni ya Kimya

Kila Januari wazazi wa Bagara, hapa Babati, wananisimamisha njiani, wengine nikiwa na ndoo ya maji kichwani, na swali lao ni moja: "Madamu, tuisheni yako inafaulisha?" Sijawahi kuwajibu vizuri. Mtu anayekuuliza swali hilo ukiwa na ndoo kichwani hastahili jibu refu. Nawaambia waje wakae darasani saa nzima, benchi la nyuma, na punje za mahindi mkononi. Wengine wanadhani ni uganga, na hao hawarudi.

Si uganga. Kabla sijawa mwalimu wa tuisheni nilikuwa mwanafunzi wa tuisheni, tena ile iliyosifiwa kuliko zote mjini Babati, na ilibaki kidogo tu initoe shule.

Mkoa ulikuwa mpya wakati huo. Babati tulilala makao makuu ya wilaya, tukaamka makao makuu ya mkoa, na kesho yake tukaanza kutembea kama watu wa makao makuu. Maofisa walihamia kutoka mikoa mingine na familia zao, na watoto wao walikuwa wanatukanana kwa Kiingereza wakicheza mpira. Mama zetu waliposikia matusi yale waliona wivu. Ndani ya muda mfupi kila nguzo ya umeme ilibandikwa karatasi ya tuisheni. Moja iliahidi Kiingereza chote kwa wiki sita. Nyingine iliahidi Kiingereza hichohicho kwa siku thelathini. Nina hakika hata wauza sumu ya panya wangefungua darasa kama wangepata chaki.

Mimi nilikuwa nimefeli mtihani wa kidato cha pili. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili na nilikuwa mkali kweli, moyo wa binadamu nauchora na mishipa yake yote. Kufika sekondari, moyo uleule ukafundishwa kwa Kiingereza na sikuutambua tena. Nikarudia darasa. Utaratibu ulikuwa unajulikana na kila mtu: ukifeli mara ya pili, unafungasha. Mama alikuwa anakaanga samaki karibu na stendi, perege na kambare wa ziwani kwetu, na alinieleza jambo hilo kwa upole wake wa kila siku. "Ukifeli tena, karai lile pale. Utakaanga mpaka uzeeke, tunuke wote wawili."

Sikulidharau karai, lilitulisha. Lakini nilikuwa naitaka shule kuliko nilivyotaka chakula, na nilikuwa naogopa. Usiku nilikuwa naota nageuza samaki wenye sare za shule.

Basi mama akaamua kunitafutia tuisheni. Alienda mwenyewe, beseni la samaki kichwani, kwa sababu hakuona kwa nini asiuze njiani. Ya kwanza ilikuwa ya kijana aliyemaliza chuo karibuni, chini ya kibanda cha bati. Alikuwa anachanganya Kiingereza na Kiswahili, wanafunzi wanasimama, wanakosea, wanachekana, naye anacheka nao. Mama alisimama dirishani muda mfupi tu. "Yule namwelewa," alituambia nyumbani. "Sasa mwalimu ambaye hata mimi namwelewa, atakufundisha nini?"

Ya pili ilikuwa ukumbi mzima wa watoto wakipiga kelele kwa pamoja, mwalimu anawaongoza kwa fimbo kama kwaya. Mama alisema debe tupu haliachi kuvuma, akaondoka baada ya kuuza kambare wawili mlangoni.

Ya tatu ilikuwa kwenye godauni la zamani la mahindi. Mwalimu alikuwa mtu mzima mwenye tai na koti, katika jua lile la saa nane, na alimpokea mama kwa Kiingereza kirefu bila kupumua. Mama hakuambulia hata neno. Nyuma yake walikuwa wamekaa vijana zaidi ya arobaini, na hakuna aliyekohoa. Mama alirudi uso unang'aa kama ametoka kubarikiwa. "Kule kuna nidhamu," alisema. "Kimya kama msibani." Kesho yake nikaandikishwa.

Siri ya kimya kile niliijua siku ya kwanza. Kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba, na kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba mwenye kukivaa ni mjinga. Ukitamka neno la Kiswahili, au la kikwenu, unavishwa shingoni mpaka apatikane mwingine. Na kwa kuwa Kiingereza ndicho tulichokuwa tumekuja kukitafuta, tulibaki na lugha moja salama, nayo ni kunyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Chetu hakikuwa na mshindo wowote.

Tulijitungia ishara. Kidole puani maana yake niazime kalamu. Mkono tumboni, naomba kutoka nje. Kushika sikio, amekuja mzazi, kaa vizuri. Mwalimu aliandika ubaoni, sisi tulinakili, akiuliza kama tumeelewa tuliitika "Yes, sir" kwa sauti moja, basi. Wazazi waliopita barabarani waliona vichwa vimeinama juu ya madaftari na wakapeleka habari mbele. Darasa likazidi kujaa.

Jirani yangu wa dawati alikuwa binti wa wafugaji kutoka tambarare za Hanang, naye alikuwa anarudia darasa kama mimi, kwenye shule nyingine. Baba yake alimleta mwenyewe, fimbo mkononi, akasimama mlangoni akakisikiliza kile kimya kama anayekagua zizi, akaitikia kwa kichwa. Yule binti alikuwa mcheshi kupita kiasi, na mcheshi katika darasa la kimya ana kazi. Kibao kilikuwa kama chake. Mwanzoni alikuwa anakivaa huku ananikonyeza. Kufika wiki ya tano aliacha kukonyeza, na ya saba aliacha hata zile ishara. Mimi nilikivaa mara kumi na moja. Nilihesabu.

Mama hakujua. Yeye aliona daftari, nalo lilipendeza kweli, kurasa na kurasa za mwandiko mzuri na vema nyekundu. Aliliweka kwenye mfuko wa nailoni lisipate mafuta na akawa anawaonyesha wateja kabla hawajaomba chumvi. Mteja mmoja, karani wa ofisi za mkoa, mgeni aliyehamia na suruali zake zenye mikunjo, alilifungua, akalisifu, halafu akanigeukia akaniuliza kitu kwa Kiingereza. Lilikuwa swali dogo, naona aliniuliza niko kidato cha ngapi. Niliona watu wote wa benchi wananitazama, mama ameshika upawa hewani anasubiri. Mkono wangu ukapanda wenyewe. Nikashika sikio.

Karani alidhani sikio linaniuma. Akamwambia mama anipeleke hospitali.

Mama aliendelea kukaanga mpaka wateja walipoisha. Ndipo akaniuliza, "Alisema nini yule?" Nikamjibu sijui. "Na wewe ulisema nini?" Nikamjibu sikusema. Akanitazama kama anavyotazama samaki wa jana.

Jumamosi iliyofuata alikuja godauni. Mwalimu alimpa kiti kwa heshima zote, maana mzazi anayekuja kukaa ni tangazo. Mama akakaa nyuma, punje za mahindi kwenye kiganja cha kulia. Baadaye aliniambia mpango wake: kila nikifungua mdomo, punje moja ihamie kushoto. Kipindi kilichukua saa moja na nusu. Kilipoisha, kushoto hamkuwa na kitu. Zile "Yes, sir" alikataa kuzihesabu. "Hata ng'ombe ukimwita anaitika," alisema.

Akasimama. Nyumbani tuliongea Kigorowa; Kiswahili cha mama kilikuwa cha sokoni, maana alishuka kutoka kijijini mtu mzima, akijua Kigorowa tu, na mpaka leo samaki kwake ni "hii nzuri" na watu wanacheka na kununua. Kwa Kiswahili hichohicho akamuuliza mwalimu mbele ya darasa: "Mwalimu, shikamoo. Hii watoto inaongea saa ngapi?"

Mwalimu alikohoa, akasema kwa Kiingereza kwamba humu sheria ni moja. Hakukusudia, nadhani, lakini macho yake yaliangukia kibao, na kiranja wetu, mtu asiye na akili ya kujiokoa, akakichukua na kumpelekea mama huku amefunga midomo yake kwa kidole. Nilitamani godauni lituangukie.

Mama alikipokea kwa mikono miwili kama anayepewa zawadi, akakivaa. "Haya, nimevaa. Sasa naongea vizuri," akasema. "Mimi Kiswahili nilijifunza sokoni. Siku ya kwanza nilikosea bei, nilikosea salamu, nilimwita mzee mmoja mama. Watu walicheka, mimi niliuza. Wangenivalisha hii kitu, mpaka leo ningekuwa bubu na samaki zangu zimeoza." Kisha akanishika mkono, tukatoka.

Sasa hivi, baada ya miaka mingi ya kushika chaki mwenyewe, simchukii yule mzee. Kimya kile kilimlinda yeye kuliko kilivyotufundisha sisi. Mwalimu asiyeulizwa hakosei, na nani asiyependa kazi ambayo hukosei?

Tulifika stendi mama bado amevaa kibao. Alikisahau, na mimi sikuthubutu kumkumbusha. Alichochea moto, akaweka mafuta, wateja wakaja, na wale wa ofisini wakawa wanasoma kifua chake na kuangalia pembeni. Yule karani alikuwepo. Mwishowe mama akaona. "Imeandikwa nini hapa? Soma wewe msomi."

Nilisoma. Akataka Kiswahili chake. Nikamwambia, mbele ya watu, na ilikuwa tafsiri yangu ya kwanza maishani: "Kinasema, mimi ni mjinga."

Watu wa benchi wakainamia sahani zao. Mama akacheka. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga, na watu wakapata ruhusa ya kucheka. Halafu akaniuliza, "Wewe ulivaa mara ngapi?" Nikamwambia kumi na moja. Kicheko kikakatika. Akakivua, akakigeuza maandishi yaangalie chini, akaweka kitunguu juu yake na kuanza kukikata kwa ajili ya kachumbari, haraka haraka, kichwa ameinamisha. Kibao kilifaa sana kwa vitunguu.

Jumatatu akanipeleka kwa yule kijana wa kibanda cha bati, yule ambaye hata yeye alimwelewa. Nilikosea siku hiyo mara nyingi kuliko nilivyoongea miezi miwili godauni. Walinicheka, nikawacheka. Jioni mama alinipa karai na amri mpya: mteja wa ofisini ahudumiwe kwa Kiingereza au asihudumiwe. Karani alikula samaki wasio na chumvi wiki nzima mpaka nilipojifunza kumuuliza kama anaitaka.

Yule binti wa Hanang nilikutana naye njiani siku moja, nikamwambia aje kwetu. Alisema, "Baba ameshachagua kule." Sikumsukuma. Nilikuwa na haraka, au nilijifanya nina haraka. Ningeweza kumtuma mama kwa baba yake na punje zake za mahindi, na mama angeenda siku hiyohiyo na beseni kichwani. Sikumtuma.

Matokeo yalipotoka nilifaulu, kwa kubanwabanwa, lakini nilifaulu. Mama alisikia habari akiwa na samaki sita kwenye mafuta na akaunguza wote. Ya yule binti niliyasikia kupitia kwa watu: amefungasha, amerudi nyumbani.

Miaka imepita. Nina darasa langu kwenye chumba cha uani, benchi nne, kelele nyingi. Rafiki yangu wa Nakwa, upande wa pili wa mji, anadai anatusikia, na mimi nachukua hilo kama sifa. Kibao cha mama kiko mezani kwangu, nakitumia kuzuia karatasi zisipeperuke. Mwaka jana alikuja mama mmoja na binti yake wa kidato cha kwanza, akaniamkia "shikamoo, mwalimu" kwa sauti ya chini. Sikumtambua mpaka macho yake yalipotua mezani. Akarudi hatua nzima nyuma na kumvuta mtoto wake kwenye ubavu.

Nilimwita jirani yangu wa dawati kwa jina, nikamwambia akichukue. Alikichukua kwa vidole viwili, akakigeuza, akaona makovu ya kisu. Akakinusa.

"Vitunguu," alisema.

"Mama," nikamwambia.

Alicheka kidogo, halafu akaacha. Nilitaka kumwomba msamaha, nikajikuta namhimiza akae benchi la nyuma. Hakukaa. Aliniuliza kitu kimoja tu, na hakuuliza kama nafaulisha. "Humu wanaongea?"

Nikamwambia asikilize. Ndani binti yake, aliyechoropoka ubavuni tukiongea, alikuwa ameshasimama, anakosea kwa sauti kubwa, na wenzake wanacheka naye. Mama yake alibaki mlangoni, na mkono wake ulikuwa umeshika sikio.