Nafasi ya Gancho

Saa sita na dakika kumi mchana, onyo lilijitokeza tena kwenye skrini, juu ya uso wa marehemu: kumbukumbu pepe ya kompyuta imepungua mno, funga programu nyingine. Tsonka akalifunga. Likarudi. Picha ya Gancho ikaganda, nusu ya masharubu ipo, nusu haipo.

“Shangazi, mazishi ni saa nane,” alisema Milka, dada wa marehemu, akiwa amesimama kaunta na kitambaa cheusi kichwani.

“Saa naijua, mwanangu. Usinichanganye.”

Tsonka, shangazi wa kila mtu kwa heshima tu, ndiye aliyechapisha matangazo ya vifo ya mji wote ule wa kando ya mto Danube. Karatasi yenye fremu nyeusi hubandikwa getini, kituo cha basi na mlangoni pa kanisa, na asiyebandikwa ni kama hajafa. Gancho aliendesha malori Uhispania miaka ishirini, akarudi mgonjwa wiki tatu tu zilizopita. Majirani walidhani bado yuko huko.

“Ungewapigia simu.”

“Nimewapigia. Wote wananiambia, sawa, tutaona tangazo. Wanadhani akili zimeniruka. Atazikwa na mimi na padri, shangazi. Sisi wawili tu!”

Tsonka alizima mashine, akaiwasha. Kosa lilikuwa lake na alilijua. Kompyuta ikizidiwa huazima nafasi kwenye diski, ndiyo hiyo kumbukumbu pepe, na diski yake ilijaa nyuso elfu tatu za wafu. Familia huja kuchapisha tena siku ya arobaini, nusu mwaka, mwaka. Na mjini pale kufuta sura ya marehemu ni kumzika mara ya pili. Hakuwahi kufuta hata mmoja. Ukaidi mtupu.

Akafungua video ya Radko, mumewe.

Radko aliirekodi miezi miwili kabla ya kufa, kumfundisha Tsonka kazi ambayo siku zote aliifanya yeye mwenyewe. “Tsono, usiogope,” ilisema sauti, ikikwamakwama. “Ingia kwenye mipangilio. Ongeza kiwango cha kumbukumbu pepe, halafu iwashe upya.” Tsonka aliijua kwa moyo. Kila onyo lilipotokea aliicheza, na miaka sita sasa, kusema kweli, maonyo hayakumchukiza hata kidogo. Aliikatiza palepale kila mara, kabla Radko hajaanza kukohoa.

Akaongeza kiwango. Mashine ikakataa: diski haina nafasi.

“Saa sita na nusu,” alisema Milka.

Hatua alizozijua zilikuwa zimekwisha. Tsonka aliuma midomo, akaiacha video iendelee. Radko alikohoa, akakohoa sana, akajifuta mdomo. Kisha akaisogelea kamera.

“Ikikataa kabisa, futa kitu kikubwa. Wafu wa watu usiwaguse. Anza na hii. Mimi sihitaji nafasi tena, mke wangu.”

Tsonka alichomeka flashi ainakili video kwanza. Mashine ikaganda, onyo likarudi. Akajaribu tena. Likarudi. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba kasoro dakika kumi, na ng’ambo ya kaunta mwanamke mzima alikuwa analia bila kujificha.

“Mpumbavu wewe,” Tsonka aliiambia skrini, na Milka hakujua anatukanwa nani. Akaifuta video. Akamwaga na kapu la taka la kompyuta, maana mle ndani bado ilikuwa inachukua nafasi.

Masharubu ya Gancho yakatimia. Printa ikaunguruma, ikatema karatasi arobaini.

“Umeifanyaje, shangazi?”

“Nimepunguza vitu. Wewe kanisani na kituoni, mimi magetini. Kimbia!”

Saa nane watu sitini walisimama makaburini, wengine bado na aproni za jikoni. Tsonka alikuwa nyuma kabisa, gundi mikononi. Padri alipoanza kuimba, yeye alikuwa anajaribu kuikumbuka ile sauti ilivyotamka “Tsono”, na tayari hakuwa na hakika.