Dawa Haigawanywi Boito

Watu husema Phyllis Chelimo ana kiburi. Mimi huwauliza, mtu akifanya kazi ikaonekana, afiche uso? Naitwa Mongina, Mkisii, jirani yake pale Boito tangu mume wangu aliponunua kipande chetu cha chai, na sioni haya kumsifu. Anayetaka kununa na anune.

Phyllis alizaliwa upande wa Kaplong, akaolewa Boito akiwa msichana mwembamba mwenye sauti ya kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya bonde. Mikono yake ni myepesi. Tukichuma chai pamoja, kikapu chake hujaa wakati changu bado kinaonyesha kitako. Mumewe aliugua kwa muda mrefu, na ng'ombe wakatoka bomani mmoja mmoja kwenda kulipa hospitali. Alipokufa, Phyllis alibaki na boma tupu na kamba za kukamulia.

Ndiyo sababu chama chetu cha wakulima kilipoleta bima ya matibabu, yeye alijiandikisha wa kwanza. Kisha akaingia nyumba kwa nyumba. "Kubalini kukatwa kidogo kwa bonasi ya chai," aliwaambia, "ama mngoje kuuza ng'ombe kama mimi." Watu waliingia kwa sababu yake. Wengi hawakujua hata jina la kampuni ya bima. Walijua jina la Phyllis.

Mwaka wa tisini na sita mambo yakaharibika. Jumapili moja baada ya ibada, mwenyekiti wa chama, Isaiah, alisimama akasema kampuni ya Nairobi imechoka na Boito. Tulikuwa tunalazwa kupita kiasi, na wengi wa waliolazwa walikuwa wa presha na sukari, watu ambao tayari walikuwa wakipewa dawa kliniki. Afisa angekuja baada ya bonasi. Akikuta wodi bado zimejaa watu wetu, bima ingefungwa. Kanisa zima liligeuka kumtazama Phyllis kana kwamba yeye ndiye aliyewaambukiza. Nilikasirika sana.

Lililomuuma zaidi ni kwamba mmoja wa hao waliolazwa alikuwa baba mkwe wake, Mzee Johana Kipkosgei. Alikuwa ameanguka katikati ya michai, akakaa hospitali wiki nyingi, akarudi na mdomo uliopinda upande. Tembe zake alizichukua kila mwezi na kila mwezi ziliisha, lakini presha haikushuka. Zilikwenda wapi? Phyllis hangeweza kumuuliza. Wakipsigis, kabila lao, wana heshima yao: mke wa mtoto hamhoji baba mkwe, sembuse kumuuliza kama amemeza dawa. Kwetu Gusii ni hivyo hivyo, kwa hiyo sikuwa na la kumcheka.

Jibu alilipata kwa Kimeli, ndugu mdogo wa mzee. Phyllis alikuwa amempelekea mursik ya kibuyuni. Kimeli alikunywa yale maziwa, akapangusa midomo, akanyoosha mkono kwenye dari akateremsha kifurushi cha gazeti. Ndani mlikuwa na tembe zile zile za mzee.

"Umetoa wapi, Baba?" Phyllis alimuuliza kwa upole.

"Kaka yangu hawezi kula peke yake," Kimeli alisema kwa fahari. "Mimi siko kwa bima, lakini niko na ndugu. Tukipata ng'ombe tunagawa, tukipata dawa tunagawa."

Phyllis alinisimulia haya akicheka, kisha akalia. Wazee wawili wa presha, kila mmoja na nusu dozi, na kila mmoja akijiona amemtendea mwenzake wema! Tulipoanza kudadisi, tuliona Boito nzima inaishi kwa nusu. Mama alimpa binti, jirani alimpa jirani. Wengine waliacha kumeza mara kichwa kilipotulia, wakaweka zilizobaki kwa ajili ya mgeni atakayekuja akiumwa. Kumnyima mtu dawa nawe unayo nyumbani, huku kwetu, ni uchoyo. Muuguzi wa hospitali ya misheni alishika kichwa aliposikia. "Presha haitibiwi nusu nusu," alisema. "Na ukijisikia mzima, ni kwa sababu umemeza. Usiache."

Mtu mwingine angehubiri. Phyllis hakuhubiri. Kwanza alimbana Kimeli mpaka naye akaingia bima, akapimwa, akapata dawa zake. Kisha akaenda kwa Mzee Kipsang, wa rika moja na Kipkosgei, mwenye ulimi usio na breki. Mkwe hawezi kumhoji mzee, lakini watu wa rika moja huambiana chochote na hakuna anayekasirika.

Kila alasiri tukingoja lori kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, Phyllis alileta sufuria ya uji. Kila mwenye dawa alimeza yake hapo, mbele ya rika lake.

"Kipkosgei!" Kipsang alikuwa akipaza sauti. "Umemeza, ama umelipa mahari na hiyo dawa?"

Kituo kizima kilicheka, na mzee akameza. Wanawake nasi tulifuatiliana vivyo hivyo, na mimi mwenye presha yangu nilifokewa kama wengine. Siku ambazo hakuna majani tulimeza mlangoni pa kanisa. Taratibu wodi zikapungua watu wetu. Mdomo wa Kipkosgei ukaanza kunyooka, akarudi kubeba kikapu chake mwenyewe.

Afisa alipokuja alikuwa Bwana Onchiri, Mkisii mwenzangu, mwenye suti nzito kwa jua lile. Isaiah alimleta kituoni. Alipekua hesabu za waliolazwa, akauliza maswali mengi, na hakutabasamu hata kidogo. Mwishowe aliketi karibu na Kipkosgei, akajishika kipaji cha uso.

"Hata mimi niko na presha," alisema. "Dawa nimesahau Nairobi." Akaitazama tembe kwenye kiganja cha mzee. "Hiyo ni kama yangu kabisa. Mzee, nisaidie moja tu."

Kipkosgei hakuwahi kumnyima mgeni kitu maishani mwake, na huyu ndiye mgeni aliyeshika bima yetu mkononi. Phyllis aliacha kukoroga uji. Hakuwa na ruhusa ya kusema neno, naye alijua kila alichotujengea kiko kwenye kiganja kile. Nilimwona akifumba macho.

Mzee aliitupa tembe mdomoni, akashushia uji.

"Mgeni," akasema, "chakula nitakupa. Kitanda nitakupa. Lakini hii ni yangu. Wewe enda hospitali upate yako."

Kipsang ndiye aliyeanza kucheka. Onchiri alishangaa, halafu naye akacheka mpaka akalegeza tai. Alikunywa uji vikombe viwili, na kabla ya kuondoka alimwambia Isaiah mbele yetu sote kwamba bima ya Boito inaendelea, na kwamba angewaleta wakulima wa Kedowa waje waone tunavyofanya.

Tulipiga vigelegele. Mimi nilimkumbatia Phyllis nikalimwagia uji gauni lake, na wala sikuomba radhi. Ndipo Mzee Kipkosgei akasimama, akageuka, akamtazama mkwe wake mbele ya watu wote.

"Phyllis," akasema. "Nimemeza."

Phyllis hakuwa amemuuliza.