Jibu Alilofundishwa Abundio

Kama hukuwahi kula tamali za Eufrosina, ile mikate ya mahindi inayopikwa kwa mvuke ndani ya maganda, umeishi bure. Unga wake wa mahindi ulikuwa laini hata padri wetu alimeza tamali moja na ganda lake, asijue mpaka Jumapili iliyofuata. Unacheka? Nilikuwepo. Hapa Ojo Seco wananiita mwongo, nami siwakatazi, maana uongo wangu haujaua mtu. Eufrosina alisema uongo mmoja tu maishani, tena kwa mapenzi, na huo ndio uliomla mwanawe.

Tuliitana komadre, kwa kuwa mimi ndiye niliyembeba Abundio wake siku ya ubatizo. Kitovu cha mtoto yule tulikizika hapa hapa, chini ya mpungate nyuma ya nyumba yao. Alipokuwa na miaka mitano, nyumbu wa mizigo wa mzee Telésforo alimpiga teke la kichwa. Nyumbu yule alikuwa na nguvu za kuvuta treni kilimani, usinibishie. Toka siku hiyo mtoto akawa anakwama katikati ya maneno. Macho yanaelea, unamwita haitiki, kisha anarudi kana kwamba alitoka kidogo dukani. Kijiji kizima kilijua.

Ukaja ukame, ule mwaka ambao tulikamua ng'ombe tukapata vumbi. Eufrosina akaamua kuvuka mto wa mpaka na mwanawe, kwenda nchi ya pili. Kabla ya safari alimfundisha jibu, kama mama wote wa hapa wanavyofundisha. Alikuwa anakanda unga, mtoto kasimama mbele yake.

"Umezaliwa wapi?"

"Hapa."

Akamchapa mkononi kwa kijiko cha mbao. "Hapa wapi, wewe? Ng'ambo! Hospitali ya mji. Haya, umezaliwa wapi?"

"Hospitali ya mji."

"Una ndugu kwingine?"

"Sina."

"Umekwama kidogo. Rudia."

Mimi nilikuwa pembeni nachambua maharage. "Komadre," nikamwambia, "mfundishe na wimbo wao wa taifa, asalimie bendera kabisa."

"Cheka tu. Wakimrudisha, utamlisha wewe?"

Ng'ambo aliosha vyombo hotelini, baadaye akauza tamali mlangoni mwa kanisa. Mtoto akakua, akapata kazi ya kupaka rangi nyumba za watu. Hapa sitii chumvi: siku moja vijana watatu waliingia kituo cha mafuta, na muuzaji akafa. Abundio alikuwa mmoja wao. Nani alifyatua risasi, anajua Mungu na yule marehemu, ambaye naye alikuwa na mama.

Wakamkamata akiwa na brashi mkononi. Askari akamuuliza, umezaliwa wapi? Hospitali ya mji, bwana. Una ndugu kwingine? Sina.

Upo mkataba baina ya mataifa. Mimi sijui kusoma, lakini nimeelezwa mara nyingi hata naweza kuwa hakimu. Ukimkamata mgeni, unamwambia: una haki ya kuitiwa watu wa nchi yako, ubalozi wao mdogo ulio karibu. Abundio hakuambiwa. Mgeni gani, aliyezaliwa hospitali ya mji? Naye Eufrosina, asiye na karatasi za kuishi huko, aliiogopa ofisi yoyote yenye bendera, hata yetu. Alikwenda ubalozini baada ya hukumu ya kifo kutoka, akapiga magoti mapokezini: "Nilidanganya. Ni wenu."

Ubalozi ukamtuma kwetu binti mmoja, Zenaida, amevaa viatu visivyofaa kwa mawe ya huku. Alikaa jikoni kwangu akaniuliza utoto wa Abundio. Nikamwambia habari za nyumbu. Akaacha kuandika.

"Bibi, hili la teke la kichwa, baraza la mahakama halikulisikia kabisa. Wangelisikia, pengine wangempa kifungo tu. Mbona hamkusema?"

"Nani alituuliza, mwanangu?"

Kisha ile mahakama kubwa ya mataifa, iliyo mbali ng'ambo ya bahari, ikasema kesi za watu wetu wasioambiwa haki yao zitazamwe upya. Tulirusha fataki, nikacheza mpaka kisigino cha kiatu kikaruka kikaua jogoo wa jirani. Eufrosina, aliyekuwa amekwisharudi kwetu, peke yake hakucheza. Aliogopa kufurahi mapema.

Jimbo lililomhukumu likajibu kwamba mkataba waliutia saini wakubwa wa mji mkuu, si wao. Kwamba muda wa kulalamika umepita. Na kwamba kijana mwenyewe alisema ni mzaliwa wa huko. Zenaida alitusomea yote, lakini komadre wangu alisikia hilo la mwisho tu.

"Mwenyewe alisema," akawa anarudia. "Mwenyewe alisema."

Mara ya mwisho ubalozi ulimwombea kibali cha kuvuka, akamwona mwanawe gerezani kupitia kioo, simu sikioni. Alinisimulia baadaye bila chozi, na hilo ndilo lililonitisha. Mtoto alimuuliza: "Mama, siku ile nilijibu vizuri, sivyo? Sikukwama hata kidogo."

"Ulijibu vizuri, baba," akamwambia.

Wakamuua. Kwenye daraja la mpakani, nilipokwenda kumpokea Eufrosina na jeneza, ofisa wa ng'ambo alisoma karatasi kwa sauti: raia wa kigeni.

"Leo ndiyo mmejua?" Eufrosina akamuuliza.

"Mama, sogea mbele, foleni ndefu."

Tulimzika karibu na mpungate wake. Komadre hakukanda unga tena. Akifika kwangu nilimpigia hadithi zangu, hata ya yule padri, midomo haikutikisika.

Mwaka jana mjukuu wangu Brígida aliamua kuvuka na bintiye, Nieves. Walikuwa jikoni kwangu, mama anauliza, mtoto anajibu, mara Eufrosina akaingia. Akapiga magoti mbele ya mtoto.

"Nieves, nisikilize. Wakikushika, sema wewe ni wa Ojo Seco. Sema kwa nguvu: niitieni mtu wa kwetu."

Brígida akamvuta mtoto. "Bibi Eufrosina, jamani! Akisema hivyo si kesho yuko darajani? Nimrudishe kwenye njaa?"

Eufrosina akabaki pale sakafuni.

"Kweli," akasema. "Watamrudisha."

Akanitazama mimi, mwenye uongo wa kuziba kila tundu. Nikatafuta jibu la tatu. Sikulipata, na mpaka leo sijalipata.

"Haya, Nieves," Brígida akasema taratibu. "Umezaliwa wapi?"

"Hospitali ya mji."

"Una ndugu kwingine?"

"Sina." Hakukwama. Akamgeukia Eufrosina, anangoja sifa. "Bibi, nimepatia?"

Komadre wangu akamweka nywele sawa.

"Umepatia, mama," akasema. "Umepatia sana."