Maji ya Betri Yalivyonivua Suruali Ukweni

Chekeni tu, maana najua wote mmeshasikia upande wa Ambakisye, na Ambakisye anavyosimulia utadhani nilikwenda kwa watu na suruali mbovu, wakati ile kadeti ilikuwa mpya, rangi ya maziwa, imenyooshwa mpaka mstari unaonekana. Aibu niliipata, sikatai, tena mbele ya wakwe ambao hata si wangu. Lakini mwenye kosa ni neno moja tu, na neno lenyewe ni maji.

Nilikuwa mshenga. Ambakisye, mtoto wa baba mdogo (huyo anayejificha hapo nyuma), alikuwa anamtaka binti wa Rujewa anaitwa Vumilia, na mara ya kwanza walimkatalia kwa sababu mshenga aliyetumwa alifika amelewa akasahau jina la binti. Baba wa binti, mzee wa Kihehe, mkulima wa mpunga asiyependa mchezo, akatuma ujumbe kwamba rudini, ila mleteni mtu mwenye heshima zake, na safari hii mkiharibu msirudi tena. Ndipo wakanifuata mimi.

Sasa gari langu, Noah, lilikuwa inasumbua kuwaka, nikafungua vifuniko vya betri nikakuta maji yameshuka, nikanunua chupa ya maji ya betri nikajaza mpaka juu kabisa, pomoni, kama ninavyojaza rejeta (kuna aliyeniambia kuna alama ya kuishia?), halafu nikaing'oa betri nikaipeleka Mwanjelwa kwa fundi wa kuchaji ilale huko. Siku ya safari nikaenda kuichukua nimeshavaa kabisa, nakuta imelowa juu, na fundi ananiambia, "Kaka, ulijaza sana, kwenye chaji imetapika maji. We futa tu."

Amesema maji. Na mimi nikatoa leso nikafuta maji, nikaikunja nikairudisha mfuko wa nyuma, nikapanda bodaboda nimeipakata betri mapajani kama mtoto, kila tukiruka tuta inanichuruzikia, nami nasema moyoni, yatakauka. Nikaifunga kwenye gari, ikawaka mara moja, tukaondoka na Ambakisye nikiwa na furaha zangu.

Kufika Chimala mapaja yakaanza kuwasha. Nikakuna. Kufika Rujewa nakuna kwa zamu, mkono huu usukani, mkono huu paja, mpaka Ambakisye akaniuliza, "Kaka, una upele?" (Mnaona mtu niliyekuwa nahangaika kwa ajili yake.)

Sebule imejaa wajomba na mashangazi. Nikawaamkia, "Kamwene," wakaitikia, tukakaa. Naendelea kukuna kidogo kidogo, kiheshima, mara kidole kikapita kikagusa paja lenyewe. Kuangalia, tundu, na pembeni tundu jingine, kadeti imekuwa chandarua. Nikafunika kwa kofia. Hapohapo mzee akasema, "Haya mshenga, simama tukusikie."

Nikasimama, kofia nimeibana mbele kwa mikono miwili, nikaanza, "Wazee wangu, tumeona ua kwenye bustani yenu," na shangazi wa binti aliyekaa nyuma yangu akaniambia kwa upole kabisa, "Baba, huko nyuma kumefunguka." Ile leso. Ilikuwa imekula mfuko na vilivyokuwa chini ya mfuko. Nikageuka haraka kuficha nyuma, kofia ikaponyoka, mbele nako kukawa wazi.

Mzee akamwangalia Ambakisye. "Na huyu naye amelewa?"

"Sijalewa, mzee," nikasema, na hapo nilikuwa na hasira kweli. "Ni maji ya betri."

"Maji yanatoboa suruali?"

Mama wa binti akaja na kitenge na ndoo, akanionyesha bafu la uani, nikajimwagia maji mengi (haya ya bomba, ya kweli) mpaka kuwasha kukapungua. Nikarudi sebuleni nimejifunga kitenge kiunoni, nikasimama palepale, nikamaliza maneno yote ya posa, na jina la Vumilia nikalitaja pamoja na la babu yake.

Mzee akawageukia wajomba. "Wa kwanza alikuja na suruali, jina likampotea. Huyu suruali imempotea, jina amefika nalo. Tumewapokea."

Kwa hiyo mke wa Ambakisye mimi ndiye niliyempata, tena nikiwa kwenye kitenge cha mama mkwe wake, halafu shukrani yake ni kuniita Mshenga Maji. Nilirudi Mwanjelwa kumuuliza fundi kwa nini hakuniambia, akanijibu, "Kaka, ukijaza kupita alama yanachanganyika na asidi yanamwagika nayo, si kila mtu anajua?" Kila mtu nani? Kama ni asidi, iiteni asidi.

Siku hizi najaza mpaka kwenye alama basi, na betri inasafiri imesimama wima ndani ya beseni, sakafuni, si mapajani kwangu. Na atakayeniambia imetoka maji kidogo tu, nitampisha afute kwa shati lake.