Ngoma ya Kumpokea Mkubwa

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatano, Katibu Kata alishuka kwenye baiskeli mbele ya ofisi ya kijiji chetu, upande wa Mpapura, akatutangazia kwamba kipindupindu kimekwisha. Kisha akajisahihisha. Hakijaisha hasa, kimepangiwa kwisha kwa awamu nne.

Awamu ya kwanza ilikuwa gulio. Ya pili shule, ambayo ingefunguliwa Jumatatu. Ya tatu karamu za arusi na hitima. Ya nne ngoma, kwa tarehe itakayotangazwa. Sala ya Ijumaa haikutajwa. Mtu mmoja alipouliza, aliambiwa kwamba haiwezi kufunguliwa kwa sababu haikuwahi kufungwa kwa maandishi.

Nilinyoosha mkono. "Ndugu Katibu, na watoto walioko kumbini?"

"Watoke."

"Watatokaje bila ngoma?"

"Watoke kimya kimya."

Wazee walicheka kwa adabu, kama mtu anavyomcheka mtoto wa mgeni akikosea jina la chakula.

Watoto wetu kumi na mmoja walikuwa wameingia jandoni kabla ugonjwa haujafika. Walikaa katika banda la makuti porini, na majeraha yao yalikuwa yamepona zamani. Wangekwisha kurudi, lakini mikusanyiko ilipigwa marufuku, na mtoto wa jando harudi nyumbani kama mtu anayetoka kisimani. Banda linachomwa moto, naye anabebwa mabegani bila kutazama nyuma, uso umefunikwa, mpaka ngoma ipigwe, atuzwe mbele ya watu, na mama yake amwone. Kabla ya hapo hajatoka. Kwa hiyo kina mama waliendelea kupika, sisi kina baba tukaendelea kubeba chakula hadi porini.

Kwangu mimi tatizo lilikuwa Jumatatu. Mwalimu mkuu alikuwa ametangaza kwamba mtoto asiyekuwepo siku ya kufungua atarudia darasa. Mwanangu alikwisha kurudia darasa la pili kwa sababu ya malaria. Akirudia tena angekaa dawati moja na mdogo wake, na mdogo wake alikuwa anajua hesabu kuliko yeye.

Nilikwenda kwa ngariba, mwenye mamlaka ya kumbi. "Mzee, haiwezekani kabisa kuwatoa kimya kimya?"

"Inawezekana," akasema. "Hata maiti hutoka kimya kimya."

Ijumaa Katibu Kata alirudi, safari hii akiwa na haraka. Mkubwa kutoka wilayani angekuja Jumapili saa nne kukagua gulio letu. Kijiji kiandae mbuzi, wali na ngoma.

"Ngoma si awamu ya nne, Ndugu Katibu?"

"Ile ni ngoma ya starehe. Hii ni ngoma ya mapokezi."

Hakuna aliyeuliza kama kipindupindu kimearifiwa tofauti hiyo. Mimi nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa ngariba. Alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: mkubwa anafika saa ngapi.

Jumapili alfajiri tuliona moshi juu ya mikorosho, tukajua banda limechomwa. Saa nne watoto walikuwa wameketi kwenye mikeka uwanjani, wamenyolewa, wamepakwa mafuta, kanga zimewafunika nyuso. Mbele yao kulikuwa na kiti kimoja chenye kitambaa cha kufuma. Wapiga ngoma walikuwa tayari wamezikausha ngozi motoni. Lakini Katibu Kata aliwazuia. Ngoma ya mapokezi, alisema, haipigwi kabla gari halijaonekana.

Gari halikuonekana. Ngozi zilipoa zikaoteshwa moto tena. Saa saba alifika tarishi kwa baiskeli na karatasi: mkubwa amepata dharura. Katibu Kata aliikunja ile karatasi mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

"Basi, wananchi, tutawanyike. Watoto warudi walikotoka."

"Walikotoka ni majivu, mjukuu wangu," akasema mama yangu mzazi. "Nenda kaangalie."

"Bibi, hakuna mkubwa. Hii sasa ni starehe. Nitajieleza vipi huko?"

"Kila ukija hapa unatuambia serikali imefika. Leo imekwenda wapi? Imekwenda haja?"

Watu walicheka, pamoja na tarishi. Katibu Kata alitazama barabara, akawatazama wale watoto waliokaa vichwa chini tangu asubuhi. Mwanangu alikuwa wa tatu kutoka kushoto. Nilimtambua kwa miguu. Nilianza kuhesabu saa zilizobaki kabla ya kengele ya shule.

"Kiti chenyewe kinapigwa jua bure," mama akaongeza.

Katibu Kata akavuta shati lake chini, akaenda akaketi. Ngariba aliinua mkono. Ngoma ikalia.

Alipokelewa vizuri. Aliwatuza watoto sarafu moja moja kutoka mfukoni mwake, kisha akatoa hotuba kuhusu kuchemsha maji ya kunywa. Hakuna aliyeisikia, kwa sababu kanga zilikuwa zimefunuliwa na kina mama walikuwa wamekwisha vunja mstari.

"Baba watoto, mbona amekonda hivi?" mke wangu aliniuliza.

"Chakula umepika wewe."

Jumatatu jina la mwanangu liliitwa, akaitika. Kisha ikaonekana kwamba awamu ya pili inahitaji vyoo vipya, na darasa lote likachimba mashimo wiki nzima. Alimwambia mdogo wake kwamba darasa la tatu ni gumu.

Ripoti ya kata ilisema kiongozi alipokelewa kwa shangwe kwa kufuata awamu. Awamu ya nne ilitangazwa katikati ya masika, watu wakiwa shambani. Kamati ya kijiji ilikataa kulipia mbuzi na wali, kwa kuwa aliyeandaliwa hakuja, hivyo wazazi tuligawana gharama, shilingi kumi na mbili kila mmoja. Kumtoa jandoni kaka mkubwa wa mwanangu kulikuwa kumenigharimu shilingi sabini. Kipindupindu, ukiondoa yote, kiliniokolea shilingi hamsini na nane.