Kipimo cha Saa Sita

Uwanjani walimwita Kipimo, na jina lilimkaa sawasawa. Mkewe alilalamika kuwa mwanamume huyu hata chumvi angetaka ipimwe kwa kijiko cha dawa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza bunduki za rangi, zile za mchezo, zinazotema vidonge vya rangi kwa nguvu ya gesi, huku watu wazima na akili zao wakikimbizana nyuma ya mapipa na matairi.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, fundi cherehani mwenye maneno mengi kuliko wateja, alipotaka bunduki yake mwenyewe, Kipimo alimsindikiza dukani. Shemeji akaivamia moja nyeusi ya bei mbaya, ina mpaka taa.

"Hiyo utaiweza?" Kipimo akamuuliza. "Chukua hii ya kuanzia. Vyuma vyake vichache, ikigoma naifungua hapo hapo. Pesa itakayobaki ununue barakoa ya maana."

"Haya, mwalimu."

Miezi miwili baadaye wakaanza kuiboresha. Kwanza mtutu mrefu, laini ndani, ili kidonge kisiyumbe. Halafu kopo la vidonge linalozungushwa na betri, lisikwame. Mwisho springi ngumu zaidi, kwa sababu asubuhi za baridi gesi hupoteza nguvu na bunduki hukohoa tu. Kipimo alifurahi, asikudanganye mtu. Miaka nenda rudi alikuwa akihangaika na bunduki za kukodisha zinazobwagwa chini na kila mgeni. Sasa amepata moja ya kuilea.

Sheria ya uwanja aliiweka yeye mwenyewe. Kila bunduki hupimwa kasi mara mbili: asubuhi, na tena saa sita mchana, kwa kuwa jua likiupasha mtungi, gesi hupanda na kasi hupanda nayo. Mwisho ni futi mia mbili na themanini kwa sekunde. Ikizidi, inapunguzwa kwa skrubu, na mwenyewe anasubiri apende asipende.

Jumamosi hiyo asubuhi ilikuwa ya baridi, na bunduki ya shemeji ilisoma mia mbili sabini na tano. Saa sita jua lilikuwa kali na foleni imefika getini.

"Shemeji, si umeifunga kwa mikono yako?" fundi cherehani akamwambia. "Wenzangu washaingia!"

Kipimo, ambaye asingempitisha hata baba yake mzazi bila kupima, akampungia mkono apite. Alijisikia fahari kidogo, kusema kweli. Fundi akishasifiwa huwa mjinga.

Mwamuzi wa mchezo alikuwa mwanamke aliyefanya naye kazi miaka tisa, na ndiye aliyemtafutia kazi yenyewe. Alikuwa akitoka nyuma ya pipa, mkono juu, kuonyesha kuwa yeye si mchezaji. Shemeji akashtuka, akafyatua akiwa hatua nne tu. Kioo cha barakoa ya mwamuzi kikapasuka, na vipande vikaingia jichoni.

Wenzake walipokuwa wakimbeba, Kipimo aliichukua ile bunduki akaipeleka kwenye kimashine chake cha kupimia kasi. Mia tatu arobaini na moja. Akatazama nyuma, hakuna mtu. Akaizungusha skrubu, akapima, akazungusha tena. Meneja alipofika wakapima pamoja, ikasoma mia mbili na sabini.

"Bunduki haina neno," meneja akasema. "Kile kioo ndicho kilikuwa kikuukuu. Alitakiwa akibadilishe mapema."

Kipimo akanyamaza. Watu walisema amepigwa na bumbuwazi, maskini. Hakuna bumbuwazi pale, ulikuwa woga.

Wiki ya tatu mwamuzi alikuja nyumbani kwa Kipimo, jicho la kulia halipo tena, pamefunikwa kwa bandeji. Uwanja ulikuwa umekataa kugharamia matibabu, naye ameshafungua kesi. Mke wa Kipimo aliwawekea chai akawaacha.

"Kaka, nimekuja na swali moja tu," mwamuzi akasema. "Wakili wangu anadai bunduki ilizidi kasi. Anataka kuandika kwamba hukupima saa sita. Nikamwambia siwezi kukupaka matope kabla sijakusikia. Ulipima?"

Mficha uchi hazai, na kama kulikuwa na siku ya kufunua, ndiyo hiyo. Kipimo aliiona kazi inakwenda, akamwona shemeji mahakamani, akamsikia mkewe akiosha vyombo huko nyuma.

"Nilipima, dada."

Mwamuzi akashusha pumzi. "Basi uzembe ni wangu. Kile kioo nilikiona kina mkwaruzo, nikasema nitabadilisha kesho." Akatoa simu. "Ngoja nimpigie aachane na hii kesi."

Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Muda wote huo Kipimo alikuwa amekaa hatua mbili kutoka kwake, mdomo anao, ulimi anao.

"Nimeongea na fundi mwenyewe," mwamuzi akamwambia wakili. "Ndiyo, namwamini. Futa."

Akaiweka simu mezani, akajifuta jicho lililobaki.

"Nisamehe, kaka. Usiku wa juzi nilikudhania vibaya sana."

Na Kipimo akamsamehe.